Hakuna Aliyevumilia Peke Yake

Mhadhara wa Kwaresima, Singida Mjini

Humu ndani naona Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Wasabato, na jambo nililoitwa kulisema halichagui dhehebu.

Mmenipa mada ya kustahimili majaribu na vishawishi kwa imani ya Kikristo. Nitasema mapema ninachokiamini, ili msikilizaji ajue ninakoelekea. Ugonjwa, ukame, deni, msiba: hayo yanaumiza, lakini mara nyingi siyo yanayomwangusha Mkristo. Anayemwangusha ni yule anayefika nyuma ya jaribu akiwa na sura ya msaidizi, akamkuta mtu yuko peke yake. Na naamini kwamba imani yetu haikumwachia mtu mmoja mmoja kazi ya kuvumilia. Kazi hiyo walikabidhiwa waamini wote kwa pamoja, na sisi tumeirudisha kwa mtu mmoja halafu tunashangaa anapoanguka.

Tuanze hapa hapa. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, na zikikatika katikati, mwenye shamba la alizeti anajua kwamba mwaka wake umekwenda. Akivuna, bado kuna bei. Msimu wa 2023 wakulima wengi wa mkoa huu walivuna wakakuta bei ya alizeti imeporomoka, huku mafuta ya kula kutoka nje yakiwa yamejaa sokoni. Magunia yako ndani, watoto wanadaiwa michango shuleni, mama mkwe amelazwa, na dawa nyingine inabidi inunuliwe duka la nje. Mtu wa namna hiyo yumo majaribuni, na hajatenda dhambi yoyote.

Sasa tazameni nani anafika kwake kwanza. Mzee wa kanisa bado. Jumuiya bado. Anafika kijana na pikipiki na daftari, anatoa laki mbili papo hapo, anabeba kadi ya benki kama dhamana, na kila wiki anarudi kudai. Wananchi wenyewe wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu. Anafika rafiki wa kijiweni na kumwambia aweke elfu mbili tu kwenye mkeka wa kubeti, timu tano, kesho ada imepatikana. Anafika jirani anayemfahamu mtaalamu wa kuangalia ni nani aliyeiloga familia. Anafika mtumishi aliyesikika redioni na kusema kwamba Mungu anasubiri mbegu, na mbegu hiyo itumwe kwa namba ya simu.

Hakuna hata mmoja kati yao anayesema, njoo utende dhambi. Wote wanasema wamekuja kusaidia, na wote wanafika haraka. Haraka hiyo ndiyo nguvu yao. Mtu aliyekaa siku tatu bila kupigiwa simu na yeyote atamfungulia mlango wa kwanza kubisha.

Jangwani ilikuwa vivyo hivyo. Someni tena sura ya 4 ya Mathayo. Mjaribu hakumwendea Yesu mtoni Yordani, alipokuwa katikati ya watu na sauti ya Baba ikisikika. Alingoja siku 40 zipite, njaa ipige, na pasiwepo mwenzake karibu. Na jambo la kwanza alilolipendekeza lilikuwa mkate. Mkate ni kitu chema. Baadaye Yesu huyo huyo aliumega mkate mbele ya maelfu wakala wakashiba, na usiku wa mwisho akaumega kwa wanafunzi wake. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika chakula. Mimi nauona hapa: aliambiwa atumie uwezo wake ajishibishe mwenyewe, akae nje ya hali ya watu wote wanaongoja mvua na mavuno. Aliukataa mkate wa kula peke yake.

Na alipofika Getsemane, huyo aliyeshinda jangwani aliomba wenzake watatu wakeshe pamoja naye. Hilo huwa tunalipita haraka kwenye mahubiri ya Ijumaa Kuu, tukikimbilia usingizi wao na kuwalaumu. Tusimame kwanza kwenye ombi lenyewe. Kama yeye aliona anahitaji watu wa kukesha naye, nani kati yetu amepewa imani kubwa kiasi cha kutowahitaji?

Waraka wa Yakobo pia tunausoma nusu. Sura ya kwanza tunaipenda: inazungumzia furaha katika majaribu, subira, taji, na inakataza kumsingizia Mungu kwamba ndiye anayetushawishi, maana kila mtu huvutwa na tamaa yake. Kisha tunafunga kitabu. Lakini Yakobo anamaliza katika sura ya 5 kwa kuagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na watu waungamiane dhambi na kuombeana. Barua iliyoanza na jaribu la mtu mmoja inaishia kwenye chumba chenye watu. Na sala aliyotufundisha Bwana, ile tunayoisema kila siku, haina mahali ambapo mtu anajiombea peke yake kuepushwa na majaribu. Tunaombeana hata tunapodhani tunajiombea.

Sasa naomba nikae kwenye kisa kimoja kinachotuhusu sisi wa Singida, ingawa kilitokea baharini mbali sana na maziwa yetu ya Singidani na Kindai.

Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifungua kituo cha Ruruma, Iramba, mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, na baada yake Wajerumani wakaondolewa. Mwaka 1926 Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana, watu wenye asili ya Uswidi, wakaipokea kazi ya Iramba, na ikaenea hadi Unyaturu. Miongoni mwao alikuwa Elmer Danielson, aliyefika nchini mwaka 1928. Mwaka 1941 mkewe, Lillian, alikuwa anarudi kutoka Marekani kuungana naye Tanganyika, akiwa na watoto wao sita. Walipanda meli ya Misri iliyoitwa Zamzam, yenye abiria wapatao 200, wengi wao wamisionari wa madhehebu mbalimbali na familia zao.

Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, manowari ya Kijerumani Atlantis iliipiga Zamzam kwa makombora. Baadhi ya mashua za kuokolea zilikuwa zimetobolewa, zikajaa maji, na watu wakajikuta wanaelea, watoto wakiwemo. Nahodha wa Atlantis, Bernhard Rogge, alipotambua kwamba aliowapiga ni raia, aliwaokota wote. Wakahamishiwa kwenye meli nyingine ya Kijerumani, Dresden, wakazungushwa baharini kwa mwezi mzima hadi waliposhushwa Saint-Jean-de-Luz, Ufaransa, tarehe 20 Mei. Katika wiki zote hizo hakukuwa na habari yoyote ya Zamzam. Mume aliyekuwa akiwasubiri Tanganyika hakuwa na njia ya kujua kama bado ana mke na watoto.

Familia ile ilipona yote, mama na watoto sita. Ni rahisi kukisimulia kisa hiki na kumalizia hapo, kwa makofi, kwamba mwenye imani hazami. Mimi siwezi kukimalizia hapo. Katika Vita Kuu ya Pili zilizama meli nyingi, na ndani yake walikuwemo watu wanaosali. Na ndani ya Zamzam hiyo hiyo alikuwemo mmisionari mwingine wa Augustana, Ralph Hult, mmoja wa watangulizi wao katika nchi hii, aliyefika mwaka 1924. Yeye naye aliokolewa. Akarudi Tanganyika kwa njia nyingine, na mwaka 1943 akafariki dunia Dar es Salaam. Meli ilikuwa moja, bahari moja, Bwana mmoja, lakini miisho miwili. Atakayepima imani kwa matokeo atalazimika kusema kwamba ya Hult ilipungua kati ya 1941 na 1943, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Tusiwaambie basi wagonjwa wetu maneno hayo. Mama wa Utemini au Mandewa ambaye mwanawe hakupona hajashindwa mtihani wa imani.

Upo upande wa pili wa kisa hiki ambao unanigusa zaidi, na ni wa huku nchini. Vita hiyo ya pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani wa Tanganyika waliwekwa kizuizini, na vituo vyao vikabaki yatima. Waamerika wachache, Danielson akiwa mmojawapo, walipewa kuvisimamia, lakini wachache hao wangewezaje kuwa kila mahali, kutoka Kilimanjaro hadi nyanda za juu za kusini? Wachungaji, wainjilisti na walimu Waafrika ndio waliobeba kazi ya kila siku. Katika Iramba hali hiyo ilikuwa imeshatokea mara moja, baada ya vita ya kwanza, kanisa likiwa changa kabisa. Mmisionari ameondoka, na wenye mashaka wanauliza mungu wa wazungu ameenda wapi. Vishawishi vya kuacha vilikuwa vingi na vilikuwa na sababu nzuri. Majina ya wengi waliobaki hayakuandikwa vitabuni. Lakini sisi tuliokaa hapa ni ushahidi kwamba walibaki, na walibaki kwa kukutana: kusomeana, kuzikana, kuwafundisha watoto wao kile kidogo walichofundishwa. Mkitaka kumwona mtu wa imani iliyostahimili majaribu katika mkoa huu, msianze na picha za wazungu ukutani. Anzeni na babu au bibi yenu aliyekuwa anawasha taa darasa la ubatizo liendelee.

Lipo jambo lingine la miaka hiyo ambalo wazee wa Unyaturu hawapendi kulizungumza, na nawaelewa. Kati ya 1946 na 1948 vijiji vya Singida viliishi kwa hofu ya watu-simba, waliowaua watu ikasemekana ni wanyama. Serikali ya kikoloni iliendesha kesi na watu wakanyongwa. Silileti hapa ili kuwaaibisha wazazi wetu. Nalileta kwa sababu linaonyesha hofu inavyofanya kazi. Mwenye hofu hununua kinga kwa yeyote anayeiuza, hata kama muuzaji ndiye anayeifaidi hofu hiyo. Hata leo mtoto akiugua degedege na familia ikaachwa peke yake na hofu yake, swali la ana nini hugeuka haraka kuwa swali la nani kafanya, na nchi hii imezika vikongwe wengi waliouawa kwa jibu la swali hilo la pili. Kishawishi cha kumtafuta mchawi ni kikali kwa sababu kinampa mwenye maumivu kitu cha kufanya. Jirani Mkristo akifika mapema, akasema twende zahanati, nauli hii hapa, amezima moto ambao mahubiri ya mwaka mzima yasingeuzima.

Nimesifia kuvumilia. Sasa lazima niseme juu ya uvumilivu wa uongo, maana nao unahubiriwa, na unaua.

Mwezi Aprili 2023 wenzetu wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Walipatikana zaidi ya watu 400 waliokufa, wakiwemo watoto wengi. Waumini walikuwa wameambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa mahakamani. Watu wale hawakukosa ustahimilivu. Walistahimili njaa kuliko yeyote kati yetu. Kilichokosekana ni kanisa: walitengwa na ndugu zao, na shule, na hospitali, wakabaki na sauti ya mtu mmoja. Mkiona mahali popote mtu anafundishwa kuvumilia huku akikatazwa kusema na mama yake au kwenda kwa daktari, ondokeni, na mwende mkaripoti.

Na sisi Watanzania tusijione tuko mbali. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyafikia mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Sitaki kumcheka hata mmoja aliyekuwa katika misururu hiyo. Walikuwa wagonjwa, walikuwa na madeni, walikuwa wamechoka kungoja. Swali langu linawahusu viongozi wa makanisa walikotoka: ni lini mara ya mwisho mtu wa kanisani alikaa sebuleni kwao kwa saa moja bila bahasha ya michango?

Uvumilivu wa uongo unaoniumiza kuliko wote uko ndani ya nyumba. Mama anapigwa na mumewe. Anakwenda kwa mchungaji au kwa katekista, na anaambiwa avumilie, abebe msalaba wake, mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba. Ndugu zangu, Yesu alibeba msalaba wake kwa hiari yake. Ngumi za mwingine siyo msalaba wa mama huyo, ni dhambi ya yule anayepiga, na mwenye kishawishi katika nyumba ile ni baba, anayeshawishika kutumia nguvu kwa sababu hakuna anayemwuliza. Mama wa namna hiyo apelekwe polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, apewe mahali pa kulala, na baba aitwe na wazee wenzake. Anayemrudisha kwenye kipigo kwa jina la imani anamsaidia mjaribu.

Ayubu, tunayemtaja kila tunapotaka watu wanyamaze, hakunyamaza. Alilalamika sura baada ya sura, na mwishoni Mungu alisema kwamba Ayubu alinena vema kuliko rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu. Kulia mbele za Mungu kumo ndani ya kustahimili.

Kuna kishawishi kingine, kinachomjia hasa mtu aliyeonewa kweli: chuki. Mnamkumbuka Festo Kivengere. Alikuwa Mganda, mtu wa uamsho, na kabla ya kuwa askofu wa Kigezi alifundisha shule kwa miaka mingi hapo jirani, Dodoma. Februari 1977 maaskofu wa Uganda kwa pamoja walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere na mkewe, Mera, walitoroka usiku kwa miguu hadi Rwanda. Angekaa huko uhamishoni akimchukia Amin, nani angemlaumu? Badala yake alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema Amin ana haki. Hakuacha kutaja mauaji. Alisema hadharani kwamba chuki ilikuwa inamla yeye mwenyewe na kwamba alihitaji msamaha kwa ajili ya chuki hiyo. Angalieni alikojifunzia hayo. Katika uamsho wa Afrika Mashariki watu walizoea kukutana na kuungama waziwazi mbele ya wenzao, kila wiki, dhambi kwa jina lake. Mazoea hayo ya miaka mingi ndiyo yaliyomfanya aweze kusema alichosema siku ilipokuwa ngumu. Hakuyabuni mpakani usiku ule.

Ndiyo maana naliona jambo la jumuiya kuwa kubwa kuliko tunavyolichukulia. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha uchungaji, na Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani. Nyumba kumi, kumi na tano, watu wanaojuana kwa jina. Chombo tunacho. Lakini nimekaa katika jumuiya nyingi za mji huu, na mara nyingi nusu ya kikao ni michango: ya jengo, ya uaskofu, ya harusi, ya sherehe ya somo wa jumuiya. Asiye na mchango anaanza kukosa. Wiki ya tatu hayupo, na ni yeye aliyekuwa anatuhitaji kuliko wote. Tumeifanya sehemu ya kumstahimilisha mtu kuwa sehemu anayoiogopa akifilisika.

Nina maombi kwa viongozi mlioko hapa, mapadri, wachungaji, wainjilisti, makatekista, wenyeviti wa jumuiya na mama zangu wa vikundi. Daftari la katibu wa jumuiya lina kurasa za mahudhurio, za michango, za wagonjwa na za misiba. Fungueni ukurasa mwingine, usiosomwa hadharani, utunzwe na watu wawili wanaoaminika, wa walio na madeni na wanaoishi na kipigo au ulevi ndani ya nyumba. Kila wiki, kabla ya kikao, watu wawili waende kwa mmoja wao. Wakikuta deni la kausha damu, wakae naye wahesabu riba kwa karatasi na kalamu, waone kama mfuko wa kikundi unaweza kulilipa kwa mkopo wa utu. Wakikuta ugonjwa, waulize dawa imeisha lini. Mwenye deni asidaiwe mchango wowote wa kanisa mpaka amemaliza, na atangaziwe hivyo na kiongozi mwenyewe, kwa upole, ili asikwepe njia akimwona mhasibu.

Nawaomba tuanze kabla Kwaresima haijaisha. Alizeti bado iko shambani, na wenye madaftari ya mikopo wameshaanza kuzunguka Misuna, Majengo na Mughanga. Wanajua nyumba za watu wetu kwa namba. Nasi tuzijue.